Sura ya Sita: Nyuki Waliovuka Kiangazi

Vitabu vingi vya ufugaji nyuki vinavyotufikia vimeandikwa na watu wanaoishi na theluji. Karibu kila kimoja kina sura inayomwelekeza mfugaji namna ya kukagua mizinga baridi inapokwisha: angoje siku yenye joto la kutosha, afunue mzinga, aangalie kama kundi lililojikunyata humo tangu Novemba bado lina uhai na bado lina akiba. Maelezo hayo yanamfaa mtu wa Poland au wa Minnesota. Mfugaji wa Lamadi akiyafuata kama yalivyo atajikuta anafungua mizinga mwezi Machi au Aprili, mvua zinanyesha, maua yametanda, na nyuki wake wamekwisha kusahau shida.

Shida ya Lamadi iko upande mwingine wa kalenda. Mji huu wa wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, umekaa pale barabara ya kutoka Bariadi inapoungana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria na wavuvi wake wa dagaa; upande wa pili, mwendo mfupi kwa gari, kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katikati ni mashamba ya pamba, mahindi, mtama, dengu na choroko, pamoja na malisho ya ng'ombe. Masika yakikatika mwezi Mei, nchi huanza kukauka. Miembe na baadhi ya migunga hutoa maua ukavu ukiwa bado umeshika, kwa hiyo si kwamba hakuna kitu kabisa. Lakini kufikia Septemba nyasi zimeliwa au zimechomwa, na nyuki anayezunguka kutwa hurudi na chavua kidogo au mikono mitupu. Vuli huja Oktoba au Novemba, ikitaka. Miezi hii, kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza, ndiyo majira yetu ya kuvuka, hata kama jua linachoma.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye hali ya hewa. Iko kwa nyuki mwenyewe. Nyuki wa Ulaya akifikiwa na miezi ya njaa hana pa kwenda, kwa sababu nje ni barafu. Wote hujikusanya kuwa donge moja, hutetemesha misuli ya mabawa ili kupata joto, hula asali waliyoiweka, hungoja. Wakishindwa hufa humo humo, na mfugaji akifunua mzinga hukuta maiti. Nyuki wetu wa nyanda za Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, ana njia nyingine. Huhama.

Dunia inamjua nyuki huyu kwa sifa mbaya. Mwaka 1956 mtaalamu wa vinasaba wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika ili kuboresha nyuki wa kwao, na mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo. Uzao wao ulipanda bara zima mpaka ukaingia Texas mwaka 1990, na magazeti ya Marekani yakawaita nyuki wauaji. Watu walisimulia ukali wao. Kwa maoni yangu jambo la maana zaidi lilikuwa lile lisilouza magazeti: hata baada ya miaka mingi ugenini, nyuki hao hawakuacha tabia ya kufunga virago njaa inapoingia.

Tabia hiyo inabadilisha kazi nzima ya ukaguzi. Huko ng'ambo mfugaji huuliza ni wangapi wamekufa. Kati ya Juni 2024 na Februari 2025 wafugaji wakubwa wa Marekani walipoteza zaidi ya nusu ya makundi yao, na kila kundi lilikuwa hasara ya fedha iliyohesabika, kwa kuwa huko nyuki hununuliwa. Hapa nyuki huja wenyewe. Mfugaji wa Lamadi akikuta nusu ya mizinga yake haina kitu, huenda hakuna kundi hata moja lililokufa. Huenda yote yapo mahali fulani upande wa hifadhi, kwenye pango la mti, yakiendelea na maisha. Swali lake ni kwa nini yaliondoka, na kama yale yaliyobaki yamebaki kwa sababu yana nguvu au kwa sababu yamekosa hata nguvu ya kuruka.

Ndiyo maana mimi huanza na mizinga mitupu. Wengi huipita, wakaenda moja kwa moja kwenye mizinga inayovuma, kwa kuwa mzinga mtupu unaonekana hauna la kukagua. Una mengi. Nyuki wanaohama kwa njaa huondoka kwa utaratibu. Malkia hupunguza kutaga, kisha huacha kabisa. Vibarua huendelea kulea majana waliopo mpaka wa mwisho atoke kwenye kijumba chake, huku wakila asali iliyobaki. Siku ya kuondoka hakuna wanachokiacha. Ukikuta masega yamekauka, meupe au ya kahawia, hayana asali, hayana chavua, hayana majana waliokufa, kundi hilo liliondoka kwa mpango. Liliona mapema kwamba chakula hakitatosha. Mara nyingi kosa lilifanyika mwezi Juni, siku ya kurina, pale asali yote ilipotolewa mpaka sega la mwisho kwa kuwa bei ilikuwa nzuri.

Kundi lililofukuzwa huacha picha nyingine kabisa. Majana hubaki kwenye masega, wamekauka au wameoza. Asali hubaki pia, kama mwizi hajaipitia. Siafu huweza kumaliza mzinga kwa usiku mmoja, na wakiondoka huacha vichwa na mabawa ya nyuki sakafuni. Nyegere hafichi kazi yake: mzinga huangushwa, kifuniko hutupwa kando, masega huraruliwa na kuna mikwaruzo ya kucha kwenye mbao. Moto wa nyika unaweza usiuguse mzinga hata kidogo, lakini moshi na joto vikawaondoa nyuki. Tazama majani ya mti wenyewe yamebabuka upande gani.

Kuna mshukiwa mmoja ambaye husingiziwa sana: nondo wa nta. Mfugaji hufungua mzinga, akakuta masega yamejaa utando mweupe na viwavi vinavyotambaa, akasema nondo wamewafukuza nyuki wake. Karibu kila mara mambo yalikwenda kinyume. Kundi lenye nguvu huwatoa viwavi hao kabla hawajafika popote. Nondo huchukua nyumba ambayo imekwisha kuachwa, au ambayo wenyewe wamebaki wachache mno kuilinda. Ndivyo ilivyo pia kwa mbawakavu mdogo wa mzinga, mdudu mweusi mwenye asili ya Afrika ambaye amekuwa balaa huko Marekani na Australia, lakini hapa nyuki wamezoeana naye tangu zamani. Humkimbiza mpaka kwenye pembe na kumzingira kwa gundi.

Baada ya kusoma mizinga mitupu ndipo twende kwa wenyeji. Na hapa wakati wa kwenda ni nusu ya kazi yenyewe. Mwezi Septemba, pale wasiwasi wa mfugaji unapokuwa umefika juu, ndio mwezi mbaya kuliko yote wa kufungua mzinga. Kundi lenye njaa liko mguu mmoja nje. Moshi, masega kuvunjika, asali kidogo kumwagika na kuwaita wezi kutoka mizinga ya jirani, vyote hivyo ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Ngoja mvua za kwanza. Ngoja tena wiki mbili tatu, mpaka uone nyuki wakiingia mlangoni na chavua miguuni. Kwa Lamadi hiyo huwa ni kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Desemba, kutegemea vuli imeamuaje.

Kabla ya hapo unaweza kukagua bila kufungua mzinga. Kaa kando ya mzinga, si mbele yake, asubuhi jua likiwa limeanza kupasha. Chavua inayoingia ni habari njema kuliko zote, kwa sababu chavua ni chakula cha watoto. Nyuki wakiileta kwa wingi, ujue malkia yupo na anataga. Nyuki wanaoingia na kutoka wakiwa wachache, hawabebi kitu, wanazurura mlangoni, ni dalili ya kundi lisilo na malkia au linalojiandaa kuondoka. Wanaopigana mlangoni ni wezi na wenye nyumba. Nusa: mzinga wenye afya una harufu ya nta na asali, harufu ya uozo inataka kuchunguzwa. Mwisho inua kidogo upande mmoja wa mzinga, kama umewekwa juu ya chanja, au usukume polepole kama unaning'inia kwa waya. Mkono uliozoea utajua uzito wa akiba.

Kufungua kwenyewe ni kazi ya jioni, jua linapozama. Nyuki wetu hawafunguliwi saa sita mchana karibu na watoto wanaotoka shule na mbuzi waliofungwa kamba. Giza likiingia, wale waliokasirika hurudi ndani, na kesho yake hasira imeisha. Vaa mavazi kamili, funga viatu, washa bomba la moshi kwa kitu kinachotoa moshi baridi, kinyesi kikavu cha ng'ombe au maganda makavu ya mahindi. Moshi kidogo mlangoni, kisha usubiri. Watu huwafukiza nyuki kana kwamba wanawafukuza mbu. Kumbe kazi ya moshi ni kufunika ile harufu ya hatari wanayopeana, na kuwafanya wakimbilie kula asali.

Mzinga wa kienyeji, wa gogo au wa gome, hauruhusu ukaguzi wa namna hii. Ukiufungua umeuvunja, kwa hiyo ishia mlangoni na kwenye uzito. Mzinga wa viunzi vya juu ndio unaofunguka. Viunzi vyake, vya upana wa milimita 32 hivi kwa nyuki wetu, kila kimoja kimebeba sega lake, na unaweza kukitoa kimoja bila kuharibu kingine. Anza upande wa mbali na mlango, ambako asali huwekwa. Kata gundi kwa patasi, nyanyua kiunzi wima, na usikilaze kamwe: sega jipya lenye joto hukatika kwa uzito wake.

Unatafuta nini? Si malkia. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima akimsaka malkia huku majana wanapoa. Tafuta mayai. Ukiona kijumba kina yai moja, limesimama wima katikati ya sakafu kama uzi mfupi mweupe, malkia alikuwapo hapo leo. Mpaka siku ya tatu litakuwa limelala. Yai moja katika kila kijumba ni sahihi yake. Mayai mawili, matatu, yamebandikwa ukutani ovyo, ni kazi ya vibarua waliokosa malkia, na mayai yao hayatatoa chochote isipokuwa madume. Halafu tazama majana waliofunikwa. Wakae pamoja, kijumba kwa kijumba, vifuniko vikiwa bapa na vya rangi ya biskuti. Vifuniko vilivyotobolewa, vilivyozama, au majana waliosambaa huku na kule na wengine wakiwa wa manjano au weusi, ni ugonjwa au malkia aliyechoka.

Hakuna haja ya kutoa kila kiunzi. Ukishaona mayai, majana wazuri, chavua na asali pembeni, funga. Ulichotaka kujua umekijua, na kila dakika ya ziada nyuki watailipa kwa siku nzima ya kutengeneza ulichoharibu. Sisemi hivi kwa sababu ya huruma. Kundi linalotoka kwenye njaa lina nyuki wazee wengi, waliotoka kwenye vijumba miezi iliyopita na kuishi kwa kubana matumizi. Likisumbuliwa wakati wazee wanakufa na vijana hawajatosha, linaweza kushindwa hapo hapo, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na chakula kipo.

Msomaji wa vitabu vya nje atauliza kuhusu varoa, utitiri mwekundu wa kahawia unaomng'ang'ania nyuki na majana, ambaye ndiye adui wa kwanza wa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Alitambuliwa Kenya mwaka 2009, na Tanzania naye yupo. Watafiti waliozunguka Kenya mwaka 2010 walimkuta karibu kila mahali isipokuwa maeneo ya mbali ya kaskazini, lakini makundi yenye varoa wengi hayakuwa madogo kuliko yale yenye wachache, na hakukuwa na mfugaji aliyekuwa akiweka dawa. Nyuki wetu hujisafisha sana, huhama, hugawanyika mara kwa mara, na watoto wao hukomaa upesi kidogo. Yote hayo humnyima utitiri nafasi. Kwa hiyo mtazame, umwandike, na usimnunulie dawa. Makundi yaliyobembelezwa kwa kemikali miaka mingi huko kwingine ndiyo leo hayawezi kuishi bila hizo kemikali.

Adui wa kuangaliwa Simiyu yuko shambani. Mkoa huu ndio unaoongoza nchini kwa pamba, na pamba ikichanua nyuki huifuata, kwa kuwa ina mbochi ndani ya ua na hata nje yake. Pamba hiyo hiyo hupuliziwa viuatilifu dhidi ya funza wa vitumba. Dalili za sumu hiyo zikionekana huwezi kuzikosea: rundo la nyuki waliokufa chini ya mlango, wengi wakiwa wametoa ulimi nje, wengine wakitetemeka na kuzunguka bila kuweza kuruka. Ua la pamba hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Anayepuliza jioni huua funza vile vile na huwaacha nyuki wengi salama. Kulijadili hili na jirani mwenye shamba mwezi Novemba, wakati wa kupanda, ni rahisi kuliko kuligombania mwezi Februari akiwa tayari amebeba bomba mgongoni. Nadhani mazungumzo hayo ni sehemu ya ukaguzi sawa na kutazama mayai.

Na kuna tembo. Vijiji vinavyopakana na ukanda wa magharibi wa Serengeti vinawajua vizuri kuliko vinavyopenda. Huko Sagalla, jirani na Tsavo nchini Kenya, mtafiti Lucy King na wakulima wamejaribu kwa miaka mingi uzio wa mizinga: mizinga inayoning'inia kila mita 10, imeunganishwa kwa waya, ili tembo akisukuma waya mizinga yote itikisike. Matokeo waliyochapisha mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika kilele cha msimu wa mazao uzio ulizuia zaidi ya asilimia 80 ya tembo waliokaribia mashamba. Lakini ripoti hiyo hiyo ina habari ambayo watetezi wa uzio huisoma haraka haraka. Ukame wa mwaka 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, asali ikapungua, na tembo wakavuka zaidi kwa miaka mitatu iliyofuata. Kisanduku kitupu hakimtishi tembo.

Jambo hili linahusu pia ile mizinga ya kisasa inayogawiwa kwa vikundi. Tangu Mizengo Pinda, mfugaji nyuki mwenyewe, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, ufugaji nyuki umepata heshima serikalini na mizinga imetengenezwa kwa wingi. Jambo jema. Ila taarifa za miradi huhesabu mizinga siku ya makabidhiano, mbele ya mgeni rasmi, na ni nadra kukuta hesabu ya makundi iliyofanywa mwezi Novemba, kiangazi cha pili kikiwa kimepita.

Wasukuma walikuwa na jibu la ukavu kabla hakujawa na mradi wowote: ngitili, kipande cha malisho na miti kinachofungwa mvua zikinyesha ili kiwe akiba ya mifugo wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ngitili zilizobaki zilihesabika kuwa za hekta 600 na kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Zilifufuliwa kwa ajili ya ng'ombe na kuni, lakini migunga iliyoachwa ikue humo huchanua kwa zamu, mingine ikitangulia mvua, na manzuki iliyowekwa ukingoni mwa ngitili ina chakula wakati shamba la pamba limebaki vijiti vitupu. Mwenye ngitili karibu atapata mizinga mizito zaidi mwezi Novemba hata kama ukaguzi wake ni wa kizembe.

Baada ya kufunga mzinga wa mwisho, andika usiku huo huo, kabla mizinga haijachanganyikana kichwani: namba ya mzinga, viunzi vingapi vina majana, vingapi vina asali, mayai yameonekana au hayakuonekana. Kundi dhaifu lenye malkia liachiwe nafasi ndogo, kwa kusogeza ubao wa kugawia, ili liweze kulinda kila sega lililo nalo. Maji ya sukari yanasaidia siku za ukame mkali, nusu sukari nusu maji, yakiwekwa ndani ya mzinga jioni ili wezi wasiitwe. Lakini kwa bei ya sukari madukani, asali iliyoachwa mwezi Juni ni rahisi zaidi. Kundi lisilo na malkia wala mayai liunganishwe na jirani yake. Paka grisi upya kwenye waya na kwenye miguu ya chanja, kwa sababu jua la miezi minne limeikausha na siafu hutembea sana mvua zikianza.

Mizinga mitupu uliyoisoma mwanzoni ikwanguliwe utando wote, ibabuliwe ndani kwa moto mwepesi, ipakwe nta safi iliyoyeyushwa na kurudishwa mtini kabla ya katikati ya Desemba. Makundi yaliyohama yanarudi na mvua, na mabumba mapya hutoka upande wa Serengeti ambako hakuna anayerina.